Maruo na Kamanyango: Maneno Mawili ya Ardhi na Haki ya Wanawake Wakulima wa Mpunga katika Gambia

Wenye kuchunguza historia ya ardhi katika Afrika wamezoea kutafuta ushahidi wao katika hati, katika ramani na katika hukumu za mabaraza. Ushahidi huo ni wa thamani, lakini una upungufu mmoja: aghalabu uliandikwa na wale waliokuwa wakiigawa ardhi, si na wale waliokuwa wakiilima. Hao wa pili walikuwa na kumbukumbu ya namna nyingine, nayo ni lugha yao. Neno linalotofautisha shamba na shamba, mavuno na mavuno, ni hati pia, ijapokuwa halikutiwa muhuri.

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za maneno mawili ya Kimandinka, yaani maruo na kamanyango, ambayo kwa muda mrefu yalishika haki za wanawake wanaolima mpunga kando ya mto Gambia. Nataka kuonyesha kwamba wanawake hao walipoteza sehemu kubwa ya haki zao si kwa kufukuzwa mashambani, wala kwa kukatazwa kulima, bali kwa sababu neno moja lilitandazwa likafunika mahali pa neno jingine. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba jambo hili ni la mbali lisilomhusu. Mwishoni nitalilinganisha na mashamba ya mpunga ya Mwea katika Kenya, kisha nitauliza maneno yetu wenyewe, kama vile mkulima na mkuu wa kaya, yanadhihirisha nini na yanaficha nini.

I. Mto na kazi

Nchi ya Gambia ni ukanda mwembamba uliofuata kingo mbili za mto. Karibu na bahari maji ya mto yana chumvi, na kadiri mtu anavyopanda kwenda bara ndivyo maji yanavyozidi kuwa matamu. Kando ya mto yako mabonde ya chini yenye kinamasi, ambayo Wamandinka huyaita faro. Nyuma yake nchi inainuka na udongo unakuwa mkavu. Mgawanyo huu wa nchi ulikuwa pia mgawanyo wa kazi. Wanaume walilima nchi ya juu, wakapanda mtama, mawele na baadaye karanga. Wanawake walilima faro, na zao la faro ni mpunga.

Yafaa kukumbuka kwamba mpunga wa Afrika Magharibi si mgeni aliyeletwa na wazungu. Uko mpunga wa asili ya huko huko, ambao wanasayansi huuita Oryza glaberrima, nao ulikuwa ukilimwa karne nyingi kabla ya merikebu za Wareno kufika. Huo ni mbali na mpunga wa Asia, Oryza sativa, ambao pwani yetu ya Afrika ya Mashariki iliupata kwa njia ya Bahari ya Hindi. Basi maarifa ya kuchagua mbegu, kupima kina cha maji, kuotesha miche na kuipandikiza, kupalilia, kuvuna, kupura na kutwanga yalikuwa katika mikono ya wanawake, mama akimfundisha binti.

Kwamba kazi hii ilifuatana na haki, tunao ushahidi wa zamani. Francis Moore, karani wa kampuni ya biashara ya Kiingereza aliyekaa Gambia tangu 1730 hata 1735, alichapisha kitabu cha safari zake mwaka 1738. Humo anaeleza kwamba wanawake, wakiisha kuweka mpunga wa kutosha chakula cha nyumbani, waliuza uliobaki na fedha ikawa yao, na mume hakuingilia. Maelezo hayo mafupi yana mambo mawili ndani yake: sehemu ya nyumba, na sehemu ya mwenyewe. Mambo hayo mawili ndiyo maana ya maneno tunayoyachunguza.

II. Maana ya maneno yenyewe

Maruo ni shamba, au kazi, au mavuno, yaliyo ya nyumba nzima. Kila mtu wa nyumba, mwanamume kwa mwanamke, ana wajibu wa kufanya kazi katika maruo, na mavuno yake huwa chini ya mkubwa wa nyumba ili yalishe watu wote. Kamanyango ni shamba ambalo mtu mmoja, mume au mke, amepewa au amelifyeka mwenyewe, na mavuno yake ni yake. Anaweza kuyauza, kuyaweka akiba, kuyatoa zawadi au kuyatumia katika ndoa ya mtoto wake, bila kuomba ruhusa. Mwanamke aliyefyeka kinamasi kipya kwa nguvu zake alihesabiwa kuwa na haki ya pekee juu ya mahali pale, na aliweza kumwachia binti yake.

Mwenye kufasiri maneno haya kwa Kiswahili hana budi kuwa mwangalifu. Maruo si "shamba la ukoo", kwa maana ukoo ni mkubwa kuliko nyumba, na ardhi ya ukoo haielezi ni nani atakayepalilia. Kamanyango nayo si "mali binafsi" kama wanasheria wasemavyo, kwa maana haikuuzwa sokoni, na haikumtoa mtu katika nyumba yake. Mimi nimechagua kusema shamba la nyumba na shamba la mwenyewe. Lakini hata tafsiri hii yaweza kupotosha, kwa kuwa neno shamba latufanya tufikiri juu ya udongo tu. Maneno haya hayaelezi udongo, yanaeleza uhusiano. Bonde lile lile laweza kuwa maruo au kamanyango. Tofauti ni kazi ya nani iliyotumika na mavuno ni ya nani.

Tena maneno haya mawili yalikwenda pamoja kama mizani. Mwanamke alifanya kazi katika shamba la nyumba, na kwa sababu hiyo nyumba iliwajibika kumpa nafasi ya shamba lake. Kamanyango ilikuwa malipo ya maruo. Mtu akiondoa upande mmoja wa mizani, ule mwingine haubaki ulivyokuwa; unaanguka.

III. Karanga, madaraja na ugomvi wa neno

Tangu miaka ya 1830 karanga za Gambia zilianza kusafirishwa Ulaya, na biashara hiyo ikakua haraka. Wanaume walizidi kuipa karanga ardhi na wakati wao, na mtama na mawele yakapungua. Mzigo wa kulisha nyumba ukawaelemea zaidi wanawake wa mpunga. Hata hivyo chakula hakikutosha, na mchele wa kununua kutoka ng'ambo ukazoeleka tangu zamani hizo. Fedha ya karanga ilikuwa mkononi mwa mwanamume. Chakula cha kila siku kilitoka katika faro.

Serikali ya Waingereza ilipotaka kupunguza mchele wa kununua, iliyatazama mabonde ya wanawake. Katika miaka ya 1940 na ya 1950 zilijengwa njia na madaraja ya kupita juu ya matope, ili wanawake wafike katika vinamasi vilivyokuwa mbali au vigumu kufikika. Kilimo cha mpunga kilienea. Lakini mara ardhi ilipopata thamani, swali likazuka: hii ardhi mpya inaitwaje? Wanawake walisema kwamba wao ndio walioifyeka, kwa hiyo ni kamanyango. Wanaume wengi walisema kwamba ni maruo. Katika kumbukumbu za miaka ya 1940 yamo mashauri ambamo wanaume walipinga wanawake kuwekewa mipaka katika mabonde. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamke akiisha kuwekewa mpaka, ardhi itakuwa yake hata akiachwa au akifiwa na mumewe.

Hoja hiyo yastahili kufikiriwa. Hakuna aliyesema kwamba wanawake wasilime. Kinyume chake, kila mtu alitaka walime. Waliloogopa wanaume ni neno, kwa maana walijua kwamba mwenye kulishika neno ataishika ardhi siku ndoa itakapovunjika.

Mwaka 1949 shirika la Kiingereza la maendeleo ya makoloni lilianza shamba kubwa la mpunga la mashine huko Wallikunda, katika kinamasi cha Jahaly, kwenye kingo ya kusini ya mto. Ardhi ya kinamasi ilikodishwa kwa shirika. Mradi haukufaulu, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha ulikuwa umeachwa. Lakini mradi ukifa, mfano wake haufi. Kinamasi kilichokuwa mashamba ya wanawake wa vijiji kilikwisha kuingizwa katika vitabu kama ardhi inayoweza kukodishwa kwa mkataba baina ya wakubwa, pasipo jina la mwanamke hata mmoja.

IV. Pampu na orodha ya majina

Gambia ilipata uhuru mwaka 1965. Mwaka uliofuata walifika wataalamu wa kilimo kutoka Taiwan, wakakaa mpaka 1974. Walitengeneza mashamba madogo ya kumwagilia kwa pampu kandokando ya mto, wakaleta mbegu za muda mfupi na mbolea, wakafundisha kulima wakati wa kiangazi. Baada yao, katika miaka ya 1970, ikafuata miradi ya Benki ya Dunia na ya China Bara iliyofanana nayo. Kazi ilikuwa nzuri, lakini mafundisho, mikopo na vipande vya ardhi vilipewa wanaume. Wataalamu wale walitoka katika nchi ambako mpunga ulikuwa kazi ya mwenye nyumba, wakamtafuta mwenye nyumba. Mwanamke mwenye maarifa ya mpunga aliitwa shambani kama kibarua wa mumewe.

Bibi Jennie Dey, aliyeichunguza miradi hii na kuandika juu yake mwaka 1981, alionyesha kwamba tatizo halikuwa la haki peke yake bali la mavuno pia. Wanawake walikuwa na mashamba yao ya masika, ambayo mavuno yake ni yao. Kwa nini wayaache wakafanye kazi katika mashamba ambayo mavuno yake si yao? Basi mashamba ya pampu yalikosa mikono wakati ilipohitajiwa zaidi. Waliotunga mipango walihesabu kazi ya wanawake kama maji ya mto, kitu kilichopo tayari na kisicho na bei. Walikosea hesabu.

Maonyo hayo yalisikilizwa kwa kiasi. Mradi mkubwa wa Jahaly na Pacharr, ulioanza kugawanya mashamba mwaka 1984 kwa msaada wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo pamoja na wafadhili wengine, ulieneza kazi yake katika hekta zipatazo 1,500 za kinamasi. Sehemu yake moja ilimwagiliwa kwa pampu, nyingine ilitegemea maji ya mto yanayopanda na kushuka, na nyingine mvua. Safari hii wafadhili walitaka wanawake wapewe mashamba. Hata hivyo, orodha za kwanza zilipoandikwa, majina yalikuwa ya wanaume. Wanawake walilalamika na kudai, orodha zikaandikwa upya, na majina ya wanawake wengi yakaingia.

Mtu aliyesoma orodha ile angesema kwamba haki imetimizwa. Lakini Bibi Judith Carney, aliyefanya uchunguzi wake huko katika miaka ya 1980, na baadaye akaandika pamoja na Michael Watts, alitazama neno lililokuwa nyuma ya jina. Jina lilikuwa la mwanamke, lakini shamba lenyewe lilihesabiwa kuwa maruo. Kwa kuwa ni shamba la nyumba, mkubwa wa nyumba ndiye aliyepanga kazi, na mavuno yalikuwa chini yake. Usimamizi wa mradi uliridhika na hali hiyo, maana ulitaka mashamba yalimwe misimu miwili ya mwaka na mikopo irudishwe kwa mpunga, na njia rahisi ya kupata mikono mingi ni amri ya mwenye nyumba.

Hapa ndipo mizani ilipoanguka. Zamani wajibu wa maruo ulikuwa wa msimu mmoja, na ukisha kulipwa mwanamke alikuwa na kamanyango yake katika kinamasi kile kile. Sasa shamba la nyumba lilidai kazi ya msimu wa mvua na ya kiangazi, na kinamasi chote kilikuwa kimepimwa na kugawanywa, pasibaki nafasi ya kamanyango. Wajibu uliongezwa mara mbili, na malipo yake yakaondolewa. Neno maruo lilibaki lile lile. Vinywa vililitamka kama walivyolitamka mababu. Maana yake ndiyo iliyogeuka.

Wanawake hawakunyamaza. Wengine walidai shamba dogo la kamanyango mahali pengine kabla ya kuinama katika shamba la nyumba. Wengine walidai sehemu ya mavuno kuwa ujira. Wengine, walipokataliwa yote mawili, waliacha kufanya kazi katika shamba la waume zao, wakajiunga katika vikundi vya kazi vinavyoitwa kafo, wakauza kazi yao kwa siku katika mashamba ya watu wengine. Jambo hili la mwisho ni la ajabu kidogo kwa mtazamaji, kwamba mke apalilie kwa jirani kwa ujira na shamba la mumewe limeota magugu. Kwa mwenye kuyafahamu maneno yale mawili si ajabu. Fedha ya ujira ilikuwa mahali pekee palipobaki pa kamanyango.

V. Mfano wa Mwea

Sasa tulinganishe na jambo lililo karibu nasi. Mashamba ya mpunga ya Mwea, chini ya mlima Kenya, yalianzishwa tangu 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa kazi ya watu waliowekwa kizuizini. Kila mpangaji alipewa ruhusa ya kulima kipande cha kawaida cha eka 4. Ruhusa iliandikwa kwa jina la mtu mmoja, na kwa desturi mtu huyo alikuwa mwanamume. Mpunga ulipimwa na kulipwa kwa jina lake.

Bibi Jane Hanger na Bwana Jon Moris walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake wa Mwea mwaka 1973. Walionyesha kwamba mwanamke aliyehamia katika mradi aliacha nyuma bustani yake ya mahindi na maharagwe, ambayo nje ya mradi aliitawala mwenyewe. Katika mradi alipandikiza, alipalilia na kuvuna katika shamba la mumewe, kisha akangoja mume ampe sehemu ya mpunga. Mpunga huo aliuuza apate fedha ya kununua vyakula alivyozoea kuvilima, na hata kuni, ambazo katika uwanda ule hazikupatikana kirahisi. Nyumba ilipata fedha zaidi kuliko zamani, lakini mwanamke alikuwa na madaraka machache kuliko zamani.

Hali za Mwea na za Gambia si sawa. Katika Gambia mpunga ulikuwa zao la wanawake tangu kale. Katika Mwea ulikuwa zao geni, na wenyeji hawakuuzoea hata kuula. Katika Gambia wanawake walikuwa na neno la kudaia haki yao. Katika Mwea hati ya ruhusa haikuwa na neno lolote la bustani ya mke. Lakini tokeo la mambo hayo lilifanana, na chanzo chake kilikuwa kimoja: karatasi iliyotambua aina moja tu ya shamba na mwenyewe mmoja tu, mahali ambapo desturi ilitambua zaidi ya hayo.

VI. Maneno yetu

Lugha yetu haina ngeli ya kiume wala ya kike. Mkulima ni mwanamume au mwanamke, na kadhalika mpangaji, mrithi, mwanachama na mkuu wa kaya. Wako wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakina upendeleo. Twapaswa kuwa waangalifu. Jina lisilotaja jinsia halimwingizi mwanamke. Linaacha mlango wazi tu, na desturi ndiyo inayoamua nani atapita. Anayejaza fomu yenye neno "mkulima" na mstari mmoja wa jina huandika jina la mume, na hakuna kosa la sarufi litakalomzuia. Kiswahili huwatenganisha mume na mke katika kuoa na kuolewa. Katika kulima hakiwatenganishi, na kwa hiyo hakituambii nani alilima na nani alipokea.

Kwa hiyo si bure kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Tanzania, zote za mwaka 1999, hazikutosheka na kusema kila mtu ana haki. Zilimtaja mwanamke kwa neno lake, zikasema kwamba haki yake ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Katika Gambia nako sheria ya wanawake ilipitishwa mwaka 2010. Lakini mfano wa Jahaly na Pacharr watufundisha kwamba kulitaja jina la mwanamke hakutoshi, ikiwa neno la shamba lenyewe limebadilishwa. Hapana budi kuuliza maswali yote mawili: shamba limeandikwa kwa jina la nani, na mavuno yake yanakwenda katika ghala la nani.

Sisi tunaojishughulisha na kamusi na istilahi tuna sehemu yetu ya kazi hapa. Kiswahili kina maneno matatu kwa kitu ambacho lugha nyingine huita kwa moja: mpunga ungali shambani, mchele ukisha kobolewa, wali ukisha kupikwa. Tumehesabu maneno hayo mara nyingi kuwa utajiri wa lugha, nasi twafanya vyema. Lakini katika kila moja limo pia swali la haki ambalo kamusi zetu hazijaliuliza. Wali wa nyumbani ni wa wote wakaao kitako kuula. Mchele ni wa yule aliyeutwanga, au wa yule aliyeununua. Na mpunga, ungali umesimama bondeni haujakatwa, ni wa nani? Katika lugha na lahaja zinazosemwa kandokando ya mabonde yetu wenyewe yamo maneno yanayolijibu swali hilo, kama maruo na kamanyango yalivyolijibu kando ya mto Gambia. Yafaa yakusanywe kutoka vinywani mwa wanawake wenyewe wanaolima, pamoja na maelezo ya kazi na mavuno, kabla fomu yenye mstari mmoja wa jina haijayafanya yasiwe na maana.